Aliyetufundisha Kunyamaza

Mtu huyu huniudhi hata anavyokohoa. Hukohoa mara mbili kabla ya kusema, khm, khm, na ukisikia hivyo jua umekwisha, huna tena nafasi ya kutia neno. Nimemjua tangu nikiwa na miaka kumi na minne. Sasa nina mvi kwenye ndevu, nina mke na watoto wawili, na kwa miaka hiyo yote sikuwahi kumsikia akiuliza swali halafu akangoja jibu. Watu wa kijiji chetu, Kangeta, wanamwita Mwalimu wa Vijana, ingawa hajashika chaki hata siku moja. Mimi namwita mlezi. Simwiti hivyo kwa mapenzi. Ndiye aliyekuwa mlezi wangu wa jandoni, na kwetu Meru jina hilo halifutiki. Unaweza kugombana na baba yako mzazi ukahama boma. Mlezi wako ukikutana naye njiani, hata kama una wajukuu, unasimama, unamsalimia kwanza, na akikutuma unaenda.

Kwa asiyejua, mlezi ni mwanamume mzima ambaye wazazi humchagua akuongoze ukitahiriwa. Siku ya kisu anasimama nyuma yako. Baadaye mnakaa kibandani wiki tatu au nne hadi kidonda kipone, na huko yeye ndiye baba, ndiye daktari, ndiye askari. Mwanamke hakanyagi. Hata mama yako akikuletea chakula, anakiacha kwenye ua na kurudi zake. Na yanayosemwa kibandani hayatoki kibandani. Hilo unaapishwa damu ikiwa haijakauka.

Tuliingia wawili, mimi na Kirimi, mtoto wa jirani niliyesoma naye tangu darasa la kwanza. Nilitoka peke yangu. Nitafika huko. Kwanza acha nimalizane na huyu mtu.

Anavyotembea: mikono nyuma, vidole vimeshikana chini ya mgongo, ameinama kidogo. Watu husema ni mwendo wa heshima. Mimi nilikuwa nikimwona namna hiyo sokoni, akipita kati ya akina mama wa viazi na vijana wanaofunga miraa, nageuza uso. Ana shamba la miraa lakini hatafuni. Anasema miraa humfanya mtu aropoke. Nakwambia, huyo ndiye mtu wa kuogopa kuropoka! Huongea na redio. Mtangazaji akianza kusoma habari, yeye anamkatiza, "Hapana, hapana, wewe nisikilize," na redio haina adabu, inaendelea, naye anapandisha sauti mpaka mkewe anatoka nje kwenda kuangalia kuku ambao hawana shida yoyote.

Na simu je? Ukipigiwa simu na mlezi utajua maana ya kuwa ukuta. "Kijana wangu, khm, khm, nisikilize." Anasema yake, anamaliza, anakata. Mara moja alinipigia wakati mke wangu yuko hospitali kujifungua. Nikamwambia, "Mlezi, niko hospitali." Akasema, "Vizuri, vizuri," akaendelea kunieleza habari za mbuzi aliyepotea, akakata. Siku tatu baadaye alikasirika kwamba hakuna aliyemwambia mtoto amezaliwa.

Sasa sikia kichekesho. Mtu huyo huyo ndiye anayealikwa kila mahali kuzungumza juu ya kuzungumza na vijana. Kanisani, kwenye baraza la chifu, shule za bweni, hata huku Meru mjini ninakoishi. Kuna watu walimpa fulana nyekundu yenye maandishi mgongoni, ONGEA NA KIJANA WAKO, naye huivaa juu ya shati la mikono mirefu, chini ya koti, kiasi kwamba hakuna anayeweza kuisoma. Anashika maikrofoni, anaigonga kwa kidole, anakohoa, anainua vidole vitatu. "Sikiliza. Elewa. Zungumza." Wazazi wanaandika kwenye daftari. Kina mama wanatikisa vichwa. Anasema kijana ni kama mbegu, mzazi asiyemsikiliza mwanawe anajilimia magugu, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Maneno mazuri sana. Ningekuwa simjui ningeandika na mimi.

Halafu, kila mara, bila kukosa, hufika kwa Kirimi. Sauti inashuka. "Nilikuwa na kijana mmoja kibandani. Kijana mzuri, mpole. Aliumwa, akanyamaza. Mimi mlezi wake nilikuwa pale pale, hatua mbili, na hakusema. Angesema, leo angekuwa hai. Vijana, semeni! Usikae na maumivu kama Kirimi."

Nimesikia hayo kwa masikio yangu mara tatu. Mara ya kwanza nilitoka nje nikatapika nyuma ya choo cha kanisa. Kwa sababu Kirimi alisema.

Kangeta nzima inajua hakusema. Mtoto akinyamazia jino bovu, mama yake anamwambia, "Unataka kuwa Kirimi?" Jina la rafiki yangu limekuwa jina la mtu mjinga aliyekufa kwa kufunga mdomo. Na aliyemfunga mdomo anapewa soda na kiti cha mbele. Nyani haoni kundule, lakini huyu anaona la maiti na kulitangaza.

Ngoja nieleze alivyotufundisha. Kila asubuhi kabla ya jua aliingia, akasimama mlangoni, akauliza, "Mko sawa?" Jibu lilikuwa moja. "Tuko sawa." Siku ya pili mimi, kwa ujinga wa utoto, nilijibu, "Mimi siko sawa sana, hapa panavuta." Nilisimama kwa mguu mmoja mpaka chai ikaletwa. Akasema, "Kijana ana masikio mawili. Mdomo atapewa akioa." Hiyo ndiyo ilikuwa methali yake. Sijawahi kuisikia kwa mtu mwingine, naamini aliitunga mwenyewe. Alikuwa nazo nyingi. "Anayelia amebaki kwa mama." "Kidonda cha mwanaume hakina habari." Tulizikariri kama hesabu za kuzidisha, na jioni alituuliza moja moja, aliyekosea alilala bila blanketi. Na baridi ya Kangeta mwezi wa kumi na mbili hamuijui nyinyi wa nyanda za chini.

Mtu mbaya tu ningemsahau. Taabu ni kwamba hakuwa mbaya tu. Mungu anisamehe, lazima niseme hili pia. Maji ya chumvi alichemsha mwenyewe, usiku bado haujaisha, akayapoza kwa kumimina kutoka sufuria hii hadi ile, akaweka kiwiko ndani kupima. Alituosha kwa mikono yake, polepole, bila karaha, kazi ambayo baba yangu asingeiweza. Hakula kabla hatujala. Mvua ilipovuja alitandika koti lake upande wa Kirimi, akakaa amejikunyata hadi asubuhi. Mikono yake ilitupenda, sina neno lingine. Ni masikio tu ndiyo hakuwa nayo. Na mtoto wa miaka kumi na minne akiona mikono kama hiyo, anafikiri basi makosa ni yake yeye anayetaka kusema.

Kirimi alianza kuwaka moto siku ya sita. Nasema kuwaka, kwa sababu nilikuwa nikilala kando yake na nilihisi joto kupitia blanketi. Asubuhi, "Mko sawa?" Mimi nikasema tuko sawa. Kirimi akasema kitu kingine. Alikisema kwa sauti ndogo lakini alikisema, akimtazama mlezi usoni. Maneno yenyewe sitayaweka hapa kwa sasa, yana mwenyewe. Mlezi akakohoa, akamwambia, "Khm, khm. Nimesikia mbu." Akamwosha, akamfunika, akatoka.

Siku ya saba Kirimi akasema tena vile vile. Siku ya nane tena. Sahani zake zilirudi kwa ua zikiwa zimejaa, na mama yake, aliyeacha chakula pale kila siku, aliziona. Nilimsikia akiuliza kutoka nje, "Baba, mbona mtoto hali?" Mlezi akamjibu, "Vijana wako sawa, mama. Nenda nyumbani." Naye akaenda. Angefanya nini? Mwanamke hakanyagi.

Siku hiyo ya nane ndipo mimi nilisema. Nilisema, "Mlezi, Kirimi ni mgonjwa. Ananuka." Nilizabwa kofi nikaona nyota mchana. Sikusema tena. Hapo ndipo hasira yangu hugeuka na kuniuma mimi mwenyewe: ningeweza kutoka mbio uchi nikapiga kelele barabarani, watu wangekuja. Sikutoka. Nilikuwa nimefundishwa vizuri.

Siku ya tisa Kirimi hakuinuka hata kukaa. Mlezi aliingia, akauliza, "Mko sawa?" na kwa mara ya kwanza hakuna aliyemjibu. Aliweka mkono kwenye shingo ya Kirimi. Nikaona uso wake ukibadilika. Alimtupa mgongoni bila hata kuvaa viatu vya mvua, akashika mikono nyuma kumbeba, akatoka mbio kupitia katikati ya miraa ya watu, kwenye tope, akielekea barabara ya lami ambako angepata gari la kwenda hospitali. Ni mwendo wa nusu saa. Walisema alipofika barabarani alisimamisha gari, watu wakamwambia, "Mzee, mshushe, huyo amekwenda." Hakutaka kumshusha. Walimshika wanaume watatu.

Jioni alisimama mbele ya mama yake Kirimi, na watu wote wa ukoo wamejaa uwanjani, akasema, "Hakusema." Neno hilo hilo moja. Watu wakalipokea. Na mimi nikiwa nimejifunga shuka nyuma ya ua, na kiapo changu, nikalipokea pia.

Kwa hiyo nilihama. Nilimaliza shule, nikaja Meru mjini, nikajifunza kunyoa kwa jamaa mmoja Mwislamu wa mtaa unaoitwa Mjini, mtu mpole ambaye alikuwa akinyoa wateja wake kimya kimya mpaka waanze wenyewe. Sasa nina duka langu la kunyoa hapa mtaa wa Kinoru, viti viwili, kioo kimoja kirefu. Kazi hii imenifundisha kitu kimoja juu ya vijana. Usimtazame. Simama nyuma yake, shika mashine, muulize swali moja dogo, kisha nyamaza uendelee kunyoa. Kichwa kimeinama, macho yake yapo kwenye shuka, mikono haionekani. Atakaa. Utafika juu ya sikio la pili, ndipo ataanza. Nimeambiwa mambo kwenye kiti hicho ambayo mapadri hawajaambiwa. Wa shule, wa boda, wa mitumba. Sina fulana. Sijaalikwa popote.

Kulikuwa na mmoja, kijana wa shule ya bweni, aliyekuja kila mwisho wa mwezi. Mwembamba, anang'ata kucha. Alikaa miezi minne akisema "poa" tu. Mwezi wa tano, nikiwa nimefika kisogoni, akasema, "Naogopa kibanda." Nikaendelea kunyoa. "Si kisu. Kisu nitaenda kwa daktari. Naogopa vile watu hukaa huko." Nikamwuliza, "Unaogopa nini hasa?" Nikanyamaza. Akasema, "Kama nikiumwa, nimwambie nani?" Mashine iliniponyoka karibu nimkate. Nilimwambia ukweli, kwamba swali lake ni zuri na kwamba mtu mzima yeyote ambaye hana jibu la swali hilo asimkubali kuwa mlezi wake. Sikujua ni mtoto wa nani. Sikumuuliza ukoo, siulizi ukoo.

Juzi hapa, mwezi wa kumi na moja, saa nne asubuhi, nilisikia khm, khm mlangoni.

Alikuwa amezeeka. Koti lile lile, kofia mkononi. Chini ya kwapa alibeba kitita cha miraa, kimefungwa vizuri kwa jani bichi la mgomba na kamba ya mgomba. Mtu wa Igembe, yaani upande wetu wa Kangeta, akiona kitita cha namna hiyo anajua si cha kutafuna. Ni cha ombi. Kinaletwa kuomba mke, au kuomba msamaha, au kuomba jambo zito. Nawe unakiangalia, unauliza kimekuja na neno gani, unafikiri, ndipo unakifungua au unakirudisha. Ukikifungua umekubali. Hata mtoto anajua hilo. Mimi nilijua. Lakini hasira haina shule.

"Kijana wangu," akasema, akakiweka juu ya meza kati ya poda na spiriti.

"Mimi si kijana. Nina watoto."

"Khm, khm. Nisikilize."

Kusikia hilo neno tu, "nisikilize", damu ikanipanda. Nikanyakua kile kitita, nikakichana jani lote, nikakata kamba kwa wembe, nikawageukia wateja waliokuwa kwenye benchi. "Haya, jamani, chukueni! Leo miraa ni ya bure, mgeni ametuletea!" Nikawagawia kiganja kwa kiganja mbele ya macho yake. Nilitaka aone ninavyomdharau.

Dereva mmoja wa boda, mtu wa Igembe, alimenya kijiti, akatia mdomoni, akatafuna mara mbili. Kisha akaona jani la mgomba sakafuni. Akaacha kutafuna.

"Hii ilikuwa imefungwa na hiyo?"

"Ndiyo. Kwani?"

"Na umefungua wewe mwenyewe?"

"Nimefungua mimi."

"Wee! Buda, umekubali."

"Nimekubali nini?"

"Mimi najuaje? Muulize mwenyewe." Akakitoa kijiti mdomoni, akakifuta kwenye suruali, akakirudisha mezani kwa heshima, kana kwamba hiyo itasaidia. Wengine nao wakarudisha vyao. Ilikuwa ni ya kuchekesha, na kama ingekuwa ni mtu mwingine ningecheka wiki nzima.

Mlezi hakucheka. Aliketi kwenye kiti cha kunyolewa, kwa kuwa ndicho kilikuwa wazi, akajikuta anatazama kioo. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake. Basi, mazoea ni mazoea. Nilimuuliza, "Umekuja na neno gani?" Nikanyamaza.

Alikohoa mara mbili. Nikangoja. Akakohoa tena. Nikachukua brashi nikaanza kusafisha mashine.

"Mjukuu wangu anatahiriwa mwezi ujao," akasema hatimaye. "Nilimchagulia mlezi, akakataa. Nikamchagulia mwingine, akakataa. Amesema haingii kibandani mpaka awe na kinyozi wa Kinoru. Nikamuuliza, kwa nini kinyozi?" Akageuza kofia mkononi. "Akaniambia, kwa sababu kinyozi akiuliza, ananyamaza."

Nilijua hapo ni kijana yupi. Yule anayeng'ata kucha.

"Sikujua ni wewe hadi aliponionyesha duka," akasema. "Nimekaa wiki mbili sijaja."

"Nitamlea," nikasema. "Nimefungua kitita, sina njia. Na hata nisingefungua, yule mtoto ningemchukua. Lakini si kwa ajili yako. Na kabla sijamchukua, tunaenda wewe na mimi kwa Mama Kirimi."

Nilimwona kwenye kioo akifumba macho.

"Ya kibandani hayatoki kibandani," akasema.

"Wewe umeyatoa kwa maikrofoni miaka ishirini! Umeyatoa uwongo. Sasa utayatoa ukweli."

"Unajua alivyosema. Ulikuwepo. Mwanaume aliyekatwa hasemi vile. Ningewaambia watu, wangemcheka kaburini. Nilimfunika."

"Ulijifunika wewe."

 Wale wa benchi walikuwa wanatazama viatu vyao. Kisha akasema, bila kukohoa, "Shuka ilikuwa moja, ikatufunika wote wawili, yeye na mimi."

Hiyo ndiyo yote aliyowahi kunipa. Kama ni msamaha aliomba, mimi sikuusikia.

Mwezi wa kumi na mbili nilimlea yule mjukuu, na alipona vizuri, na kila asubuhi nilikaa nimempa mgongo nikichochea moto hadi aseme mwenyewe panapouma. Lakini simalizi na hilo. Namaliza na siku tuliyokwenda kwa Mama Kirimi, Jumapili iliyofuata ile siku ya kitita.

Tulimkuta nje ya jikoni, uteo mapajani, anachambua maharagwe. Alifurahi kumwona Mwalimu wa Vijana. Akatuletea viti, akatuwekea chai. Mlezi alikunywa funda moja, akaweka kikombe chini. Khm, khm. Hakuna kilichotoka. Khm, khm. Mama Kirimi akamtazama.

"Sema, baba. Wewe ni mtu wa kukosa maneno?"

Alivua kofia. Mimi nilikuwa tayari kumchoma kwa kiwiko, lakini haikuhitajika.

"Mama," akasema, "Kirimi alisema."

Mkono wa yule mama uliendelea kutoa mawe kwenye maharagwe, jiwe moja, la pili, la tatu. Kisha ukasimama. Nilitegemea kelele. Nilitegemea uteo urushwe, chai imwagwe. Kusema kweli nilikuwa naisubiri kwa hamu.

Yeye akauliza, "Alisema nini?"

Mlezi akanigeukia. Akanitazama kama mtoto aliyesahau shairi jukwaani. Nikaangalia pembeni.

"Alisema," akaanza. "Alisema, 'Mlezi, nachomeka. Niitie mama.'"

"Siku gani?"

"Siku ya sita. Ya saba. Ya nane."

"Siku tatu."

"Siku tatu."

"Aliniita siku tatu," akasema, akihesabu kwa vidole vyenye vumbi la maharagwe, "na mimi niko pale kwa ua, na sahani." Kisha akanitazama mimi. "Na wewe ulijua."

"Nilijua, mama."

Akayarudisha macho kwa mlezi. Ningependa angenitukana.

"Miaka ishirini," akamwambia mlezi, "naenda pale nyuma kwa kaburi nang'oa magugu, na kila nikimaliza namuuliza, 'Kirimi, ni kwa nini hukuniambia? Mimi nilikukosea nini usiniambie?' Nimemkasirikia mtoto, baba. Nimekasirikia mtoto ambaye alikuwa ananiita."

Mlezi aliinamisha kichwa hadi nikaona ngozi ya utosi wake. Mikono alikuwa ameiweka nyuma, vidole vimeshikana chini ya mgongo, akiwa ameketi vile vile kwenye kile kiti.

"Jumamosi una mkutano wa vijana kanisani," Mama Kirimi akasema.

"Ndiyo."

"Utawaambia."

"Nitawaambia."

"Utaweza? Rudia nisikie."

"Nachomeka. Niitie mama."

"Si hivyo. Hiyo ni sauti yako. Vile yeye alisema."

Alijaribu. Alipunguza sauti, mzee wa miaka sabini na kitu, akatafuta sauti ya mtoto wa miaka kumi na minne mwenye homa. Mama Kirimi alifumba macho.

"Rudia," akasema.

Akarudia. Akamwambia tena, rudia, na tena, na chai ikapoa kwenye vikombe vyote vitatu, naye kila alipoishiwa aligeuka kunitazama mimi, na mimi sikumsaidia hata neno moja.